Mwamba Uliogoma Kulala Sawa

Ipo nchi moja, si hii yetu, tuelewane mapema, ni ile nyingine kabisa, ambayo ardhi yake imelala sawa kwa amri. Haikulala sawa tangu mwanzo. Ilikuwa na vilima na mabonde kama ardhi ya watu wengine, mpaka siku Mlezi wa Taifa alipokuwa akiwahutubia wakulima wa viazi, jua limemkalia utosini, karatasi za hotuba zimechanganyika na za juzi, akasema nchi hii imelala sawa kama mkeka. Hakuwa na maana kubwa. Pengine alikuwa anatafuta neno la kumalizia ashuke jukwaani akanywe maji. Lakini Bunge la nchi ile haliachi neno la Mlezi lipotee ovyo. Wiki ile ile ikapitishwa Sheria ya Usawa wa Ardhi, inayosema kwamba udongo wote wa nchi, ule unaoonekana na ule uliofukiwa, umelala sawa, na mtu atakayeonekana akihema kwa kupanda mlima atahesabiwa kuwa anahema kwa makusudi.

Wakulima wa viazi, ambao siku ile walikuwa wamesimama kwenye mteremko, goti moja limekunjwa na jingine limenyooka ili wasiporomoke, walipiga visigino.

Hicho kisigino lazima kielezwe. Katika nchi ile kupiga makofi ni mambo ya watoto na walevi. Jina la Mlezi likitajwa, kila aliye karibu huinua kisigino cha kulia na kukishusha sakafuni kwa nguvu, wote kwa pamoja, pu. Iwe msibani, iwe hospitali, iwe sokoni mtu amebeba mayai. Watoto hufundishwa kisigino kabla ya kufundishwa kunawa. Viatu vya wakubwa hupigiliwa chuma, na unene wa chuma ni unene wa cheo. Waziri wa Uimara, Mheshimiwa Ngwandu Kabenga, chuma chake kilikuwa kizito hata akitembea ungedhani anavuta mbuzi asiyetaka kwenda.

Chini ya Waziri huyo alifanya kazi Mhandisi Shaweji Kondo, Mkuu wa Idara ya Misingi ya Majengo. Alikuwa mjane, mtu wa shati lililonyooshwa vizuri, mfukoni kalamu mbili, moja inayoandika na nyingine ya heshima. Alikuwa na binti mmoja tu, Salhina, mwalimu wa nyimbo katika shule ya msingi, msichana mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Shaweji alimpenda binti yake, na baada ya binti yake alipenda amani. Kila alipotakiwa kuchagua kati ya kusema kweli na kupata amani alichagua amani, kisha akala vizuri na akalala vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Nchi ile haikuwa na watu wabaya, ilikuwa na watu waliolala vizuri.

* * *

Ikatokea Mlezi akataka jumba. Kiwanja kilipatikana kwa utaratibu wa kawaida wa huko: Mlezi alikuwa anapita garini, upepo ukampokonya kofia, ikaenda kutua ubavuni mwa kilima. Maafisa wakaikimbilia, na pale ilipotua wakapigilia kigingi. Zikaja trekta, zikakata upande wa juu na kujaza upande wa chini, mpaka pale mahali pakawa tambarare kama sinia. Ukisimama juu yake, kweli kabisa, nchi ilikuwa imelala sawa.

Shaweji akatumwa kuchimba mashimo membamba ya kupima udongo, kwa sababu vitabu vinataka hivyo na vitabu vilikuwa bado havijarekebishwa. Upande wa mashariki mtambo wa kuchimbia haukushuka sana, ukagonga mwamba. Akasogea katikati, mwamba ukawa chini zaidi. Akasogea magharibi, mtambo ukashuka na kushuka, ukitoa udongo wa mfinyanzi, laini, mbichi, wa rangi ya ini, hata wachimbaji wakaanza kutazamana. Mwamba ule ulikuwa unateremka kuelekea magharibi kama paa la kibanda, na juu yake udongo laini umejaa mpaka usawa wa sinia.

Jambo lenyewe si gumu. Weka meza, miguu ya upande huu uisimamishe kwenye saruji, ya upande ule uisimamishe kwenye uji wa ulezi uliopoa. Ukiitazama tu, meza iko sawa, unaweza hata kuandalia wageni. Sasa igonge. Upande wa saruji utasikia kishindo tu, basi. Upande wa uji utayumba polepole, uende na urudi. Na ukiigonga tena wakati ule ule inapokwenda, kama anayemsukuma mtoto kwenye bembea, itayumba zaidi, na zaidi, hali upande wa pili umegoma kabisa. Upande mmoja unacheza, mwingine umesimama: meza itajisokota na kukatika katikati. Kama ni nyumba unafanya mambo mawili. Ama unachimbia nguzo za upande laini mpaka zifike kwenye mwamba, ama unaikata nyumba mwenyewe kabla haijajikata, ikawa nyumba mbili, kila moja icheze ngoma yake.

Shaweji aliyaandika haya vizuri, akachora na mchoro. Kesho yake akaitwa.

Alikuta kamati nzima imeshafika kiwanjani, Waziri Kabenga akiwa mbele. Waziri alitaka kuuona huo mteremko kwa macho yake. Akapelekwa kwenye shimo, akapiga magoti, wasaidizi wakimshika viatu, akachungulia muda mrefu. Halafu akainuka, akapangusa magoti.

"Shimo hili limekwenda wima," alisema. "Mteremko uko wapi?"

Shaweji alijaribu kueleza kwamba mteremko hauonekani ndani ya shimo moja, unaonekana ukilinganisha shimo na shimo. Waziri akamuuliza kwa upole kama anataka kusema mashimo ya Serikali yanapingana. Shaweji akasema hapana, hakutaka kusema hivyo. Katibu wa kamati akaandika kwamba mashimo yote yamekaguliwa, yamekutwa wima na yenye nidhamu, ila baadhi ya wachimbaji wameshindwa kujizuia, wakachimba kupita kiasi. Mwamba nao haukusahauliwa. Ulipewa amri ya kujirekebisha na kulala sawa kufikia mwisho wa mwezi, tangazo likabandikwa kwenye ubao pale pale kiwanjani, maandishi makubwa, na kwa kuwa mwezi ulikwisha bila malalamiko yoyote kutoka chini, ikachukuliwa kwamba umetii.

Jioni Shaweji aliletewa zawadi kutoka kwa Waziri, imefungwa utepe. Ilikuwa rula. Alikwenda nayo mezani. Kisha akachukua mchoro, akafuta mwamba unaoteremka, akaweka rula, akapiga mstari ulionyooka kutoka mashariki hadi magharibi. Ulitoka mzuri sana mstari ule.

* * *

Jumba la Uimara likajengwa, refu, jeupe, kutoka mashariki hadi magharibi, misingi yake yote ya kina kimoja, maana sheria haiwezi kutaka sawa juu na tofauti chini. Ndani kulikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, na ubavuni vyumba vya ofisi. Wakubwa wakahamia. Kikao cha kwanza Waziri akafungua kwa kumtaja Mlezi, na watu wote wakapiga kisigino.

Mashariki hakikutokea kitu. Magharibi viti vilisogea. Taa ya kuning'inia ilienda ikarudi, ikaenda ikarudi, na kikombe cha chai cha Naibu Waziri, mama mmoja mwenye kilemba cha kijani aitwaye Bi Mboni Lusasi, kilitembea chenyewe mpaka ukingoni mwa meza, kikasimama, kama kinachowaza. Kila mtu alitazama mlango kwa siri, na kila mtu alimwona mwenzake akiutazama.

Bi Mboni hakuwa mhandisi lakini alijua nchi yake. Akakishika kikombe chake, akasema kwa utulivu: "Jumba limemwitikia Mlezi."

Watu wakapumua. Ilikuwa kweli bwana, mbona hawakuliona hilo. Chokaa na zege na nondo, vitu visivyo na roho, vimesikia jina la Mlezi na kutingishika kwa mapenzi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetaka kukaa mashariki. Watu waliombeana mabaya ili wapate kiti cha magharibi. Walioshindwa, wakabaki kule kwenye mwamba ambako hata glasi ya maji haikutikisika, walianza kutazamwa kwa shaka, mbona kwao jumba ni zito kuitika? Wakaamua kujitikisa wenyewe. Ikawa kila likitajwa jina, mashariki nzima inayumba vitini kwa juhudi, na Mkurugenzi wa Mifereji, mzee wa watu mwenye mgongo mbovu, alianguka na kiti chake kwa uzalendo, akabebwa, akapewa cheti.

Shaweji alikaa katikati. Pale ukutani, nyuma ya kiti chake, palitokea ufa mwembamba kama unywele. Alitundika juu yake kalenda yenye picha ya Mlezi. Ufa ukatoka chini ya kalenda. Akaomba picha kubwa zaidi, akapewa na akasifiwa. Ufa ukatoka juu ya picha. Akaomba kubwa zaidi. Kila ufa uliporefuka picha ilikua, mpaka Mlezi akawa na pua ya ukubwa wa mlango, na Shaweji akapandishwa cheo kwa kuipenda sura yake.

* * *

Basi ikatangazwa kwamba Mlezi mwenyewe atakuja kulizindua jumba. Alikuwa ameambiwa linamwitikia, alitaka kuliona likiitika. Ikapangwa siku hiyo visigino visipigwe kimoja kimoja, vipigwe mfululizo kwa kufuata ngoma, ukumbi mzima, mpaka Mlezi aridhike. Na kwaya ya watoto wa shule ya Salhina ikapewa heshima kubwa, isimame kwenye roshani ya magharibi, mwisho kabisa, pale ambapo jumba huitika kuliko kokote.

Salhina aliileta habari hiyo nyumbani kwa furaha, sare mpya zimekunjwa mkononi. Baba yake alikuwa anakula. Tonge lilimkwama. Alisema ni mwiba wa samaki, na mezani palikuwa na maharage.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Waziri. Hakusema neno mwamba, wala hakusema neno mteremko, alijua maneno yale yanapeleka watu wapi. Alianza na mazulia. Alishauri ukumbi utandikwe mazulia mazito, ya manyoya, yaliyokunjwa mara mbili. Waziri alipendezwa na manyoya lakini akasema visigino havitasikika. Shaweji akajaribu njia nyingine. Alieleza kwa maneno mazuri kwamba mapenzi ya kweli hayasubiri ngoma, ingependeza zaidi kama kila mtu angepiga kisigino chake pale moyo wake unapomtuma, huyu sasa, yule baadaye kidogo. Alijua kwamba vishindo vilivyopishana huuana, haviwezi kuibembeza nyumba.

Waziri Kabenga aliweka kalamu chini.

"Kila mtu kwa wakati wake," alisema. "Ndugu Mhandisi, jambo hilo lina jina, na adhabu yake unaijua."

Shaweji akacheka haraka, akasema ulikuwa utani wa asubuhi. Ndipo akaomba lile alilokuwa amekuja kuomba. Akaomba kwaya ya binti yake ihamishiwe mashariki, eti mtoto mmoja ana kizunguzungu. Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli. Wazazi wengine walikuwa wanamletea mbuzi ili watoto wao wapate roshani ile. Lakini sawa, kama familia ya Kondo haiwezi heshima, si vibaya, kuna watoto wa kituo cha yatima wanafundishwa nyimbo zile zile, watasimama wao.

Na Shaweji akashukuru. Naam, alishukuru, akainama akashukuru tena mlangoni, na njia nzima ya kurudi ofisini alijisikia mwepesi, akanunua na karanga akala.

* * *

Salhina hakuula huo wepesi. Baba yake alipomwambia kwaya imehamishwa aliuliza kwa nini. Akaambiwa jua la magharibi ni kali. Akasema ukumbi una paa. Akaambiwa basi ni mambo ya itifaki. Akaweka mwiko chini, akamtazama baba yake kama anavyomtazama mtoto aliyesema hakula ubuyu na mdomo ni mwekundu.

Mwisho Shaweji akamwambia yote. Alimwonyesha hapo hapo mezani, sahani ya wali kuwa mwamba, bakuli la mchuzi kuwa udongo, kijiko kimelazwa juu ya vyote viwili kuwa jumba, akagonga meza kwa kidole. Kijiko kiliteleza upande mmoja kikazama kwenye mchuzi. Salhina alikitoa, akakifuta.

"Na hao yatima?" aliuliza.

"Hao wana Serikali yao."

"Baba."

"Mwanangu, mimi nina wewe tu. Siwezi kuwabeba watoto wa nchi nzima."

"Hukuambiwa uwabebe. Ulitakiwa kuuchora mwamba ulivyo."

Salhina akaondoa vyombo, akafuta meza, akarudi akakaa. Alisema watoto wake wa shule atawaacha makwao, atawaambia wazazi kuna homa. Yeye mwenyewe atakwenda magharibi, asimame na wale wa kituo, kwa sababu mtoto asiye na mtu akiogopa lazima awe na mkono wa kushika. Kama baba anataka binti yake atoke pale, anajua la kufanya, na anajua la kusema, na watu wa kuambiwa watakuwepo wote.

"Utaniua, mama," alisema Shaweji.

"Si mimi niliyepiga mstari kwa rula," alisema Salhina, akaenda kulala.

* * *

Siku ikafika. Kulikuwa na mabango, kulikuwa na keki yenye umbo la jumba, kulikuwa na kikundi cha akina mama kilichopangwa kuzimia kwa furaha, na machela zao zikiwa tayari. Mlezi aliingia. Alikuwa mtu mdogo, mwenye mafua, nishani zikimvuta upande mmoja, akikaa inabidi ashikwe asilalie upande huo. Kiti chake kiliwekwa magharibi kabisa, chini ya roshani, aone vizuri anavyoitikiwa. Juu yake walisimama yatima katika sare za buluu zilizowapwaya, na katikati yao Salhina, ameshika mikono miwili na mingine imemshika gauni.

Waziri Kabenga akahutubia. Alisema mataifa mengine yana majumba marefu lakini majumba yao ni mabubu. Alisema wataalamu wa ng'ambo wamekonda kwa wivu. Alisema msingi wa jumba hili si zege, ni imani, na imani haina kina. Halafu akamtaja Mlezi, na ngoma ikaanza.

Pu. Pu. Pu. Ukumbi mzima, chuma juu ya sakafu.

Mara za mwanzo ilikuwa kama siku zote, taa zikayumba, watu wakatabasamu. Ngoma ikaendelea. Magharibi ikaanza kwenda na kurudi, kwa mwendo wa mtu anayebembeleza mtoto, na kila kisigino kikawahi pale pale inapokwenda, kikaongeza. Mashariki sakafu ilikuwa kimya kama kaburi. Katikati, nyuma ya Shaweji, ile picha kubwa ikatoka kwenye msumari mmoja, ikaning'inia, na nyuma yake ufa ukaonekana wote, kutoka sakafuni hadi darini, unafumbua na kufumba. Vumbi la chokaa likamwagika kwenye keki. Kule roshani nguzo moja ilitoa sauti ya kuni inayovunjwa gotini. Mtoto mmoja akaanza kulia, na Salhina hakumtazama mtoto, alimtazama baba yake.

Shaweji alikuwa ameapa moyoni kuwa hatasimama. Alishangaa kujikuta amesimama. Mpiga ngoma, aliyekuwa amezoea kwamba anayesimama ni mkubwa anayetaka kusema, akaacha kupiga.

"Acheni kukanyaga," alisema Shaweji. Sauti ilikuwa ndogo, lakini palikuwa kimya. "Chini ya upande wa magharibi mwamba umeteremka. Kuna udongo laini mtupu. Nilijua tangu mwanzo. Mstari ule niliupiga mwenyewe."

Mlezi akamgeukia Waziri, akauliza yule amesema nini. Hapo pakawa na tatizo, kwa kuwa kuyarudia maneno yale ni kuvunja Sheria ya Usawa wa Ardhi, na Waziri hakutaka kuivunja mbele ya yule ambaye neno lake liliizaa. Akasema Mhandisi anasema hajisikii vizuri. Mlezi akapiga chafya. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, magharibi ni upande gani.

"Ni hapo ulipoketi, Mtukufu," alijibu Bi Mboni.

Mlezi alitazama juu, kwenye roshani. Kisha akakumbuka kwamba ana jambo la haraka na balozi, akainuka, akatoka kwa kunyata, akikanyaga kwa ncha za vidole. Walinzi wake wakamfuata hivyo hivyo, wanaume wazima wenye mabuti, wananyata kama wezi wa kuku.

Hakuna aliyekimbia, lazima iandikwe hivyo. Kukimbia kungekuwa kukiri. Naibu Waziri alisema tu kwamba mwanga wa magharibi unamuumiza macho, akabeba kiti chake kwenda mashariki. Mkurugenzi wa Maji alisema figo. Mwingine akasema upepo. Mwingine alisema tangu zamani yeye ni mtu wa mashariki, mama yake alizaliwa huko. Wale waliokuwa wameombeana mabaya kwa ajili ya viti vya magharibi sasa walipita ubavuni mwa ufa kwa heshima, haraka haraka, wakikaza macho mbele, na akina mama wa kuzimia waliahirisha. Punde mashariki ikajaa hata waheshimiwa wakapakatana. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya watoto, yatima waliamriwa kutoka nje uwanjani, na Salhina akatoka nao, amembeba yule aliyelia.

* * *

Kesi ilisikilizwa papo hapo, Jaji Mkuu akiwa amekaa nusu kwenye kiti na nusu kwenye paja la Waziri wa Uvuvi. Mashtaka yalikuwa kuisingizia ardhi. Waziri Kabenga aliapa, akiwa ameshikilia nguzo ya mashariki kwa mikono miwili, kwamba jumba ni imara lote, kila pembe, na magharibi hasa. Jaji akakubali. Akasema ili mshtakiwa ajifunze kwa mwili wake kwamba ardhi imelala sawa, atafungwa maisha katika chumba cha mwisho cha magharibi, ambacho mahakama inakithibitisha kuwa salama kabisa.

Askari wakamshika Shaweji mikono wakampeleka mpaka kwenye ufa. Hapo wakamwachia. Walimwelekeza kwa vidole: nyoosha, mlango wa mwisho mkono wa kushoto. Wakamrushia kufuli na ufunguo wake, wakamwomba ajifungie kwa ndani, na kama hatajali, aufunge mlango vizuri. Shaweji alivuka peke yake, akapita viti vilivyoachwa na vilemba vilivyoanguka, akaingia, akajifungia. Ameishi hivyo miaka yote, akiambiwa jambo analifanya.

Huko ndani alikaa sakafuni. Alisikiliza nguzo zikitulia moja baada ya nyingine, maana hapakuwa tena na wa kuzisumbua. Hakuwa na usingizi hata kidogo. Alikuwa na njaa, na alikuwa anafikiria sare za buluu.

Salhina alipokwisha kuwafikisha watoto barabarani, mikononi mwa mwangalizi wao wa kituo, alirudi. Aliingia kwa mlango mkubwa wa mashariki, akapita kati ya wakubwa waliopakatana, samahani mzee, samahani mama, mpaka akafika kwenye ufa. Akauvuka. Alitembea juu ya sakafu ya magharibi kwa mwendo wa kawaida, viatu vyake vya turubai havitoi sauti, na jumba halikumwitikia.

Akagonga mlango wa mwisho.

"Baba, ufunguo uko wapi?"

"Ninao mfukoni."

"Basi fungua twende nyumbani."

Kufuli ikalia. Mzee akatoka, shati limekunjamana kwa mara ya kwanza, akamshika binti yake mkono.

Waziri Kabenga aliona aibu ya Serikali inataka kutoka nje mchana kweupe. Akawaamuru askari wawakamate wote wawili. Askari wakasogea mpaka ukingoni mwa ufa, wakasimama, wakaitazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi, tambarare, imesuguliwa. Kwa sheria ya nchi ilikuwa imelala sawa na imara kabisa, mahakama yenyewe ilikuwa imethibitisha muda si mrefu. Mkuu wao, mtu mzima mwenye mvi, akamgeukia Waziri.

"Mheshimiwa," alisema, "tangulia."

Waziri akauinua mguu. Akauweka juu hewani, ng'ambo ya ufa, watu wote wakimtazama, Bi Mboni akimtazama kuliko wote. Kisha akaurudisha pale ulipotoka, taratibu, kama mtu aliye chumbani na mtoto aliyelala.

Shaweji na Salhina wakatoka kwa mlango wa magharibi, polepole, kwa sababu magoti ya mzee hayakuwa mazuri, na Serikali nzima ikiwatazama kutoka kwenye mwamba.